Mandari Si Mkutano

Jumatano, 11 Machi 1970

Mandari! Nimemwambia mara tatu yule bwana wa ofisi ya usalama, aliyeniita leo, kwamba mandari si mkutano. Sisi watu wa Kikwajuni tunakodi gari, tunapakia masufuria ya pilau, tunakwenda Chwaka kuoga na kula, jioni tunarudi tukiimba. Tumefanya hivyo tangu ujana wetu.

"Na hotuba, mwalimu?" kaniuliza.

"Hotuba gani?"

Kafungua karatasi, kasoma: "Gari hili honi linayo, breki halina, na dereva haambiliki."

Maneno yale ni yangu. Niliyasema Jumapili tukiwa njiani, sikioni mwa rafiki yangu Salum, wanawake wakiimba na kupiga makofi hata dereva asisikie. Nilikuwa nalisema gari. Na serikali pia, haya, hapa nakiri. Salum alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kibali cha kukodi gari hatupewi tena. Na mimi nimeonywa: nikiitwa mara ya pili, sitarudi nyumbani.

Alasiri Salum kapita barazani kwangu. "Mwakani twende Makunduchi, sheikh. Kiti chako nitakuwekea."

Kila mwaka huniwekea kiti kwa kofia yake, hataki mwengine akae karibu naye. Nimekaa nazipitia safari zetu zote, moja moja, na kila nililosema humo. Sijui ni mwaka gani aliacha kucheka tu, akaanza kusikiliza.