Kitanuri Kilikuwa Baridi

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na pole na masomo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Nikuambie mapema: nina jambo ambalo sijamwambia binadamu yeyote, na tangu Jumanne siwezi kutulia kwenye kiti. Penseli nimeichonga mpaka imebaki ya kushikwa kwa kucha.

Likizo hii nashinda na Mama maabarani kwake, maana anasema nikibaki nyumbani nitaota ukungu. Chumba unakikumbuka: hakina dirisha, pampu inanguruma kutwa, na lile pipa la chuma katikati limekazwa boliti kama lina jini. Ndani yake hewa yote imenyonywa. Kitanuri kidogo kinapasha sodiamu mpaka inakuwa mvuke, leza ya njano inaziamsha atomi zake, halafu elektroni zinarushwa humo. Nyingi zinadunda tu. Mama anazitafuta zile zinazoikuta atomi iliyoamshwa, zikaipokonya nguvu, zikatoka mbio kuliko zilivyoingia. Fundi wake, yule mrefu tunayemwita Bisibisi, anasema ni kama kupita kwa jirani kusalimia tu, ukatoka umeshiba.

Wiki iliyopita waliziona. Leza ikipita, namba kwenye mashine ya kuhesabia zinapanda, ikizibwa, zinashuka. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bisibisi akanigeukia, akauliza mbona Profesa Bubu hapigi hata kofi moja, au anasubiri kadi ya mwaliko. Nikatabasamu, si unanijua. Ijumaa Mama atayasoma matokeo mbele ya wakubwa wake, wale wale waliotaka kukifunga chumba chake mwaka jana kwa kuwa hakitoi kitu. Anaimba jikoni, Dada. Tangu lini Mama akaimba?

Sasa Jumanne. Waya wa kitanuri ulikatika, wao wawili wakaenda stoo kutafuta mwingine. Nikabaki peke yangu, miguu inacheza chini ya meza, nikawa naiziba na kuiachia leza kwa kile kibao chake, ili mikono tu ipate kazi. Nikiachia, namba zinapanda. Nikiziba, zinashuka. Nikarudia mpaka jasho likanitoka. Maana kitanuri kilikuwa baridi! Hamkuwa na mvuke mle, hamkuwa na atomi za kuamshwa. Kwa hiyo kigunduzi, kile kinachoipelekea mashine namba za elektroni, kilikuwa kinahesabu mwanga wa leza wenyewe, unaodunda kwenye kuta za pipa.

Mama si mzembe. Jaribio hilo la kitanuri baridi alilifanya mwanzoni kabisa, nami nilikuwepo, na namba hazikutikisika. Lakini baadaye Bisibisi alihamisha kioo kimoja ili leza ipige vizuri zaidi, na hakuna aliyekumbuka kulirudia jaribio.

Waliporudi, Mama aliniuliza kama kuna lolote. Nikasema hakuna. Hilo ndilo linalonitafuna. Nikinyamaza, Ijumaa mkubwa mmoja mwenye macho atauliza, na Mama atakosa pa kuuweka uso. Nikisema, mimi ndiye nitakayemnyamazisha jikoni. Fizikia ninayo kwa lugha ya shuleni, imepangwa vizuri kabisa kichwani. Ila ya kumwambia mama yako kwamba furaha yake ni mwanga uliopotea njia, sina kwa lugha yoyote.

Nilitaka nikuombe umpigie simu wewe uliyezaliwa na mdomo. Lakini akikuuliza umejuaje, utasemaje? Utanitaja tu, na atajua nilimficha nikiwa mbele yake.

Wasalimie wenzako wa bwenini, na ule, usiishi kwa chai.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.

Dada, ngoja. Nasikia kandambili za Mama. Anaita kutoka sebuleni kwamba amemaliza kuiandaa hotuba, anakuja kunisomea niwe msikilizaji wake. Anasema leo ukimya wangu hautaki. Lazima nimuulize swali moja, gumu kabisa, kama watakaloliuliza wale wakubwa, na asipolijibu hapa nyumbani basi ni afadhali kuliko kukwama Ijumaa.

Swali ninalo. Linaanza na kile kioo kilichohamishwa. Ameshika kitasa, naificha hii.