Sajini Amevuta Gogo

Kegonga, Jumamosi, mwezi wa pili. Jua kali tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Leo nitajisifu. Asiyependa watu wanaojisifu afunge ukurasa huu sasa hivi, arudi wiki ijayo nikiwa nimeanza tena kulalamikia barabara.

Sajini ametembea. Ametembea kwa kwato zote nne, akavuta gogo kutoka mwanzo wa shamba la Mama Boke hadi mwisho, akageuka, akarudi. Hakuwa na gango wala bandeji. Niliutazama ule mguu wake wa nyuma, wa kushoto, hatua baada ya hatua, na kila hatua kwato ilitua ikiangalia mbele, inavyopaswa kutua. Nililia kidogo. Nikasingizia vumbi.

Kwa wanaofika hapa mara ya kwanza: mimi ndiye yule daktari wa mifugo anayekuja kwa pikipiki na kisanduku cha dawa nyuma. Nyumbani ni Rangwe, upande wa Homa Bay. Kazi ndiyo iliyonileta huku Kuria Mashariki, ambako Kikuria changu kinaishia kwenye salamu na Kijaluo cha wenyeji kinaishia hapo hapo, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili na kwa kucheka. Sajini ni maksai mchanga wa Mama Boke, mjane anayelima mahindi na tumbaku kidogo juu ya kilima. Mwenzake Sajini anaitwa Diwani, kwa sababu anapenda kupiga kelele na hafanyi kazi mpaka asukumwe.

Hawa wawili waliachishwa kunyonya katika wiki ile ile moja. Wamefungwa pamoja, wamelishwa pamoja, Sajini kulia na Diwani kushoto, tangu wakiwa wadogo, ili siku moja wavute jembe. Maksai wakubwa wa Mama Boke wamezeeka, na huku ng'ombe wa jembe hutafuti mmoja ukamwunganisha na yeyote. Aliyebaki humkataa mgeni, analala chini katikati ya mtaro, na wewe unabaki na jembe mkononi majirani wakipanda. Sajini akienda, Diwani naye ni nyama tu. Mama Boke angelima kwa kuomba zamu za maksai wa watu, na anayeomba zamu hupanda mwisho.

Sasa ile sehemu ambayo sijawahi kuiandika hapa.

Aprili iliyopita Sajini alipata homa. Nilifika nimelowa chapachapa, nimechelewa, na maboma mawili zaidi yananingoja. Chuoni tulifundishwa kwamba dawa ile, ile ya njano inayochoma, hudungwa shingoni. Nilifundishwa, nikaandika, nikafanyiwa mtihani, nikapita. Lakini Sajini alikuwa ameingiza kichwa kwenye ua wa mikonge, shingo haifikiki, na mimi sikuwa na subira ya kumgeuza. Nikamdunga kwenye makalio.

Homa ilipoa. Mguu ukafa.

Kesho yake Mama Boke alinipigia simu, nikaenda, nikamkuta Sajini anatembea kwa mgongo wa kwato, kidole kimekunjwa nyuma, ngozi imeanza kuchubuka kwenye mawe. Nilijua mara moja. Nilikuwa nimeupata mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Na nilifanya nini? Nilimwangalia mama wa watu usoni nikamwambia labda Diwani amemkanyaga.

Uongo huo nilitembea nao miezi kumi.

Usiku wa siku ile nilifungua madaftari yangu ya chuo, ambayo nilikuwa nimeyaweka chini ya kreti ya soda. Nilikuwa nimesahau jinsi jambo lenyewe linavyoshangaza. Ndama akiwa tumboni, mguu wake ukiwa mdogo kama punje ya haragwe, nyuzi za neva hutoka kwenye uti wa mgongo na kwenda kutafuta misuli, na hazipotei. Safari ni fupi, kila kitu kiko karibu. Neva ikiharibiwa baadaye, sehemu yote iliyo chini ya jeraha hufa, halafu ule uzi ulio hai juu huanza kuchipuka na kurudia safari ile ile, safari hii kwenye mguu wa mnyama mzima. Ala ya neva, yaani ganda lake la nje, ikiwa bado ipo, uzi huifuata. Mwendo wake ni milimita moja kwa siku, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Hakuna dawa ya kuuharakisha.

Na misuli inangoja. Isipopata amri hunywea, lakini haifi siku hiyo hiyo. Pembeni mwa kila uzi wa msuli kuna seli ndogo zilizolala, kazi yake ni kuamka na kutengeneza. Ila neva ikichelewa mno, nyama hugeuka kamba na mafuta, na hapo hata neva ikifika inakuta nyumba haina mtu. Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili: kungoja, na kuhakikisha mguu unastahili kungojewa.

Nilimwambia Mama Boke hivi: uhai utashuka mguuni kwa vidole viwili kila mwezi, kutoka hapa kiunoni mpaka hapa chini ya goti. Akaweka vidole vyake kwenye mguu wa Sajini, akapima, akahesabu. Kumi na tisa. Akasema, "Basi ni mpaka tulime tena." Hakuuliza lingine.

Nilikata bomba la plastiki nikatengeneza gango la kunyoosha kwato, nikalifunika kwa blanketi kuukuu ili lisimchune. Kila Jumanne na kila Jumamosi nilipanda kilima kile bila kuitwa. Tulimkanda kwa mafuta ya kukamulia, tukaukunja mguu na kuukunjua, mara hamsini, mara mia, yeye akitafuna majani kama bwana harusi anayepakwa mafuta. Kila mwisho wa mwezi nilimpaka alama ya dawa ya zambarau ya vidonda pale tulipodhani neva imefika. Kufikia Agosti mguu ulikuwa na madoadoa, na watoto wa shule walikuwa wanapita njia ya mbali kusudi wauone.

Majirani wakaanza kunisifu. Daktari ana roho nzuri. Daktari si kama wale wengine. Nilikuwa nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke.

Mama yangu kule Rangwe alikuwa na maoni yake. Nilipompigia simu akasema, "Nyara, binti yangu, nilikusomesha miaka mitatu uende kumkanda ng'ombe kama mtoto mchanga?" Sikumwambia sababu. Hata yeye sikumwambia.

Septemba nilikata tamaa. Paja lilikuwa limenywea hadi mfupa unaonekana, na Sajini alikuwa ameamua kulala kutwa nzima. Nilimvuta kwa kamba, akanivuta yeye. Chacha mwenye bucha alikuwa amekuja mara tatu kumtazama, na kila mara alikuwa anamgusa mgongo kwa upole unaotisha. Siku ile nilikaa kwenye jiwe nikamwambia Mama Boke kwamba vitabu vyangu vimefika mwisho. Asipotembea, msuli utaisha kabla neva haijafika.

Mama Boke aliingia ghalani akatoka na nira ndogo, ile nyepesi ya kufundishia ndama.

Kiburi changu hakikuniacha hata hapo. Nikasema sawa, lakini tuwabadilishe pande, Sajini awe kushoto, ule mguu mbovu usikanyagane na wa Diwani. Mama Boke aliniangalia, akatabasamu, akafanya nilivyosema. Ng'ombe wale walisimama kama wamewekwa kwenye nyumba isiyo yao. Diwani akazunguka kuitafuta kushoto yake, Sajini akazunguka kuitafuta kulia yake, nira ikajipinda, na mimi nikajikuta nimekaa kwenye kinyesi. Mama Boke alicheka mpaka akashika mti. Kisha akawarudisha kila mmoja upande wake, akapiga mluzi, Diwani akaondoka, na Sajini, kwa kuwa mwenzake ameondoka, akaondoka naye.

Tangu siku hiyo alitembea kila asubuhi. Mimi nilileta gango na mafuta, lakini kilichouokoa ule msuli ni nira ya Mama Boke, na hiyo haimo katika daftari langu lolote. Nimeiandika sasa, kwa wino mwekundu.

Desemba nilimbana ngozi ya chini ya goti kwa koleo, kama nilivyokuwa nikimbana kila mwezi bila yeye hata kugeuza sikio. Akanipiga teke la nyonga. Nilianguka chali nikapiga vigelegele. Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika kaunti nzima ya Migori aliyefunga mwaka akishukuru kwa kupigwa teke.

Basi leo. Habari ilikuwa imeenea, kwa hiyo kando ya shamba kulikuwa na watu kama ishirini, na Chacha wa bucha akiwa mbele. Nilifungua gango kwa mikono yangu. Mama Boke akafunga gogo, akapiga mluzi. Mengine nimeshayasema.

Gogo liliporudi watu walishangilia. Chacha akanishika mkono akauinua kama wa bondia, akapaza sauti: "Mmeona? Diwani aliharibu, daktari akatengeneza!"

Kila mtu alicheka. Ningeweza kucheka nao. Ilikuwa rahisi sana, na hakuna ambaye angenidai neno. Lakini nilimwona Sajini amesimama pale na madoa yake ya zambarau, na Diwani kando yake, ambaye amebeba kosa langu miezi kumi yote bila kujua, na nikaona kwamba sifa hii nikiipokea ikiwa na uongo ndani yake itaniozea mkononi. Nilitaka niwe nayo safi. Niseme ukweli: hata kuungama kwangu kulikuwa na ubinafsi.

Nikasema, "Diwani hakuharibu kitu. Mimi ndiye niliyemdunga mahali pabaya. Nilikuwa na haraka. Halafu nikadanganya."

Vicheko vilikoma. Chacha akauachia mkono wangu. Niliona mwanamke mmoja anamtazama mwenzake, na nikajua wanahesabu ng'ombe wao wote niliowahi kuwagusa. Wana haki. Nilimgeukia Mama Boke kwa sababu hukumu ilikuwa yake.

Alikuwa anamfungua Sajini nira. Hakuharakisha.

"Daktari," akasema, "siku hiyo nani alikuwa ameshika mkia?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimekumbuka mvua, ua, sindano, kila kitu isipokuwa kwamba kuna mtu alikuwa amemshika yule mnyama.

"Ni mimi," akaendelea Mama Boke. "Niliona hiyo sindano imeingia wapi. Na hiyo mguu ilianza kulala jioni hiyo hiyo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja ile siku utachoka kuja. Ungechoka, ningekuambia hapa mbele ya watu wote, na huku Kuria hungeshika ng'ombe tena." Akaitundika nira begani. "Sasa hukuchoka. Ningesema nini?"

Akamsukuma Sajini kuelekea majini. Watu walianza kuongea tena, polepole, kuhusu mvua. Mimi nilibaki pale nimeshika bomba la plastiki, nikijivuna kuliko nilivyowahi kujivuna siku niliyopokea cheti changu pale chuoni, mama yangu akiwa amevaa kofia ya kanisani.

Jioni hii simu imelia mara moja tu. Ilikuwa ni Mama Boke. Diwani anakohoa, anauliza kama nitapita Jumanne au amtafute mtu mwingine.

Nimemwambia nakuja kesho.