Baba Zuhura, Wameniuliza Kama Rama Anyongwe

Baba Zuhura wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako sina wa kumwuliza, na yangu ndiyo hii ninayotaka kukueleza. Nimekubali isomwe na yeyote anayetaka, maana hapa Busi kila mtu ana simulizi yake juu ya nyumba yetu. Afadhali waisikie kwangu.

Wiki tatu zilizopita walikuja watu kutoka Dodoma mjini kukusanya maoni. Tangu yule mtoto wa kijiji cha jirani auawe vile alivyouawa, redioni hakuna habari nyingine: wapo wanaotaka watu wa namna hiyo waanze tena kunyongwa, na wapo wanaotaka adhabu hiyo ifutwe kabisa. Sheria ipo, ila kwa miaka mingi haijatekelezwa. Wanaohukumiwa wanakaa tu, wanangoja. Wewe humjui hata mmoja wao. Au niseme, unamjua mmoja.

Niliposikia kuna mkutano shuleni, nilijua nitasimamishwa. Mchana kutwa nilikuwa napukuchua mahindi huku nakukumbuka wewe ulivyokuwa.

Sisi wawili ni wa kijiji kimoja, lakini ilibidi twende Kibaigwa ndipo tuonane. Nilifuatana na marehemu baba kupeleka mahindi sokoni, nawe ulikuwa unapima mizani. Kuna mnunuzi alitaka magunia yetu yajazwe lumbesa, kupita kipimo, yashonewe na kilemba juu. Ukakaa juu ya gunia ukasema, "Huyu mzee ni wa kwetu. Gunia ni gunia, kilemba avae shehe." Baba alicheka njia nzima ya kurudi. Uchumba ulipoletwa hakuuliza hata ukoo wako, alisema tu, "Ni yule wa kilemba?"

Ukarudi kulima. Nakumbuka ulivyokuwa ukitoka shamba unaniita kutoka barabarani, kabla hujafika uani: "Mama Zuhura!" Mimi nakaa kimya makusudi, nageuza ugali. Unaita tena, "Mama Zuhuraaa!" Hapo ndipo naitika. Ulijua nimesikia mara ya kwanza, na nilijua unajua. Majirani walituiga kwa mzaha. Rama alikuwa hodari kuliko wote kuiga sauti yako.

Ndiyo, nimemtaja. Ramadhani, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Kwa wasiotufahamu nieleze: kijana huyu alikulia mikononi mwako. Ulimfundisha kuongoza maksai, ukamwonyesha namna ya kushika plau isipige mawe. Alikula kwetu kila siku; mlenda wangu alikuwa anaufuta kwenye sahani kwa kidole. Baba alipofariki, Rama akataka kuliuza shamba la bondeni, lile ambalo mama alikuwa analitegemea kwa chakula. Mama akalia kwako. Ukasimama naye mpaka baraza la kata, na baraza likaamua shamba lisiuzwe mama angali hai. Rama alikupa mkono pale pale mbele ya wazee. Alitabasamu. Nilipika kuku siku ile, nikidhani tumeepuka shari.

Hazikupita siku ishirini. Ulitoka asubuhi na jembe begani, na saa nne wakaja kuniambia umekutwa njiani, umekatwa kwa nyuma.

Mengine niliyasimuliwa, kwa kuwa mimi nilikwisha kuingizwa ndani kukaa eda. Niliambiwa Rama ndiye aliyekwenda kuchagua mbao. Rama ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Rama ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea, akakulaza, akatoka na udongo mpaka kwenye nyusi, na watu wakamhurumia wakasema, huyu amefiwa na baba wa pili.

Siku ya tatu aliingia chumbani nilikokaa eda. Ni ndugu yangu, hakuna wa kumzuia. Alileta kahawa. Akakaa karibu yangu, akanishika mkono, nikamlilia begani.

"Sijui kama aliteseka," nilimwambia. "Ndilo linaloniua."

"Hakuteseka, dada," akasema. "Alikuita tu. Mara mbili, kama kawaida yake. Kisha akanyamaza."

Nililia zaidi. Ilinichukua muda, nadhani mpaka kahawa ikapoa, ndipo nikasikia alichosema.

"Rama," nikamwuliza, "wewe ulijuaje?"

Aliangalia mkono wangu aliokuwa ameushika, akauweka chini taratibu kama kitu cha mtu mwingine, akatoka.

Siku mbili sikumwambia mtu. Nilimwambia mama kwanza, na kwa hilo najilaumu mpaka leo, maana nilimpa mzigo wa kuchagua. Alijifunika uso kwa khanga. Halafu akasema, "Dija, huyo ndiye niliyebaki naye." Akanishika magoti. Mama yangu mzazi, Baba Zuhura, alinishika magoti. Nilimwondoa mikono nikamwita mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza neno kwa neno. Walipomkamata hakubisha. Aliwapeleka mwenyewe makorongoni akawaonyesha alikolitupa panga.

Mahakamani kule Dodoma nilisimama nikayarudia maneno yale, na yeye ananitazama. Jaji alisoma hukumu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba: atanyongwa mpaka afe. Mama yako alisema "Alhamdulillahi". Mama yangu alianguka. Mimi nilikuwa katikati yao kwenye benchi, sikujua nimshike nani.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Katika miaka ya mwanzo nilitaka anyongwe. Sikufichi. Nilikuwa nikisikia taarifa ya habari inaanza naacha kazi, natega sikio, nangoja waseme wameitekeleza hukumu. Sala ikiisha nilikuwa naomba jambo ambalo nikilisema hapa watu watanikimbia. Halafu ilinijia fikra moja, haikutoka tena: siku watakayomtoa, watamtoa kwa neno langu. Hakuna aliyemwona akikukata. Panga lilipatikana kwa neno langu. Kila kitu kimefungwa kwenye lile nililolisikia nikiwa edani. Tangu hapo sikuweza tena kuomba anyongwe, na sikuweza kuomba aachiwe. Nikilala upande huu nakuona wewe, nikigeuka namwona mama.

Basi, siku ya mkutano. Tulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Kiongozi wao alikuwa binti mdogo mwenye daftari, mpole sana. "Wazazi wangu, shikamooni," akasema. "Hapa hakuna jibu la kukosea. Tunataka kusikia tu."

Wengi walisema irudi. Mmoja akasema, mbona akiuawa mbwa wa mtu pana vita, akiuawa mtu pana rufaa? Shehe akakumbusha kwamba wenye damu wana haki ya kudai, na wana haki ya kusamehe, na kusamehe kuna fadhila. Hapo mama yako akasimama.

"Mimi ndiye mwenye damu," alisema. "Mwanangu Salimu hakuulizwa kama anataka kungoja miaka tisa. Sijasamehe, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama nimesamehe. Serikali ilisema mbele yangu itamnyonga. Kama haiwezi, ilinidanganya nini?"

Akarudi kukaa karibu nami.

Kisha akasimama mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Mama yangu. Amekuwa mdogo siku hizi, dawati lilikuwa linamfika kifuani.

"Mimi ndiye mama wa Ramadhani," akasema, kana kwamba hatumjui. "Namtembelea kila nikipata nauli. Ananiambia, mama, asubuhi nikisikia funguo najua ni leo. Zikipita, najua ni kesho. Nikitoka pale namuaga kama maiti. Nilimzaa mara moja, lakini kumzika namzika kila mwezi. Kama mnatafuta maoni, haya ndiyo yangu. Wamalize."

Akakaa. Wale akina mama wawili, miaka tisa hawajasalimiana hata kisimani, walitazamana. Wamekubaliana. Mmoja kwa hasira, mwingine kwa uchovu, lakini wamekubaliana, na watu wote wakanigeukia mimi. Binti akaniuliza, "Na wewe, mama? Wewe ni mke wa marehemu, na ni—"

"Ni dada yake," nikamsaidia.

"Sema, mwanangu," mama yako akaninong'oneza. "Sema, watu wasikie."

Nilisimama. Mlango ulikuwa wazi, naona uwanja, naona njia ya kwenda nyumbani, nikatamani nitoke tu nitembee mpaka Kondoa.

"Mimi nilikwisha sema mara moja, mahakamani," niliwaambia. "Neno lile lilimfikisha alipo. Mkianza tena kunyonga, kamba yake nitakuwa nimeisokota mimi. Sijamsamehe. Msiandike kwamba nimesamehe. Lakini msiniombe neno la pili."

"Kwa hiyo unataka nini, mama?" binti akauliza, kalamu juu ya karatasi.

"Sitaki anyongwe," nikasema. "Andika hivyo."

Mama yako aliinuka akatoka bila kuaga. Tangu siku ile hajala chakula cha mkono wangu. Nikipeleka, anampa jirani. Nilidhani angalau mama yangu atanielewa. Alinifuata hadi nyumbani, akasimama uani, akasema, "Kwa hiyo aendelee kuoza pale? Mara ya kwanza ulikataa kunyamaza nilipokuomba unyamaze. Leo umeombwa useme, umekataa kusema." Naye akaenda zake. Nilimpigia simu Zuhura huko chuoni Dodoma, nikidhani mwanasheria mtarajiwa atanipa la kunishika. Akavuta pumzi, akasema, "Mama, mimi nataka siku moja tu watu waniulize nimekula nini, si habari za mjomba."

Nikabaki na nyumba yako na ukuta wake.

Jumatatu iliyofuata nilipanda basi kwenda gerezani Dodoma, kwa Rama. Miaka tisa sijawahi kumtembelea. Nilijiambia naenda kuuliza jambo moja tu: kama kweli uliniita. Nimeishi na lile neno, Baba Zuhura. Ndilo lililomfunga, na ndilo nililokuwa nalalia. Usiku mwingine nilipata usingizi kwa sababu tu niliamini kwamba mwisho wako ulikuwa jina langu.

Wakamleta upande wa pili wa wavu. Ana mvi. Mdogo wangu ana mvi mimi sina, na amevaa miwani iliyofungwa uzi. Tulizungumza juu ya mvua. Juu ya maksai, kama wapo. Mwisho nikamwuliza.

Akavua miwani.

"Dada, sijui tena," akasema. "Nimelirudia mno. Kuna siku naisikia sauti yake kabisa, mara mbili. Kuna siku nadhani nililitunga nilipokuona unalia, nikakupa kitu ninachokijua juu yake. Ningekuwa najua, ningekwambia. Sijui lipi ni lipi."

"Ulikuwepo, Rama."

"Nilikuwepo," akasema. "Hilo najua."

Sikumtukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo na kwa hapana, hilo la tatu sikuwa nimelifikiria. Askari akasema muda umeisha. Nikatoka, nikakaa stendi mpaka basi la mwisho la Kondoa, watu wananiuliza kama naumwa.

Sasa niseme ninaloliogopa, maana nimeliruka. Nimekwambia tulianza na mvua, lakini hatukuanza na mvua. Alipoletwa pale wavuni, kabla hajakaa, aliinamisha kichwa kama alivyofunzwa tangu mdogo, akasema, "Shikamoo, dada."

Nilikuwa nimeapa njia nzima sitamwitikia. Nilikuwa nimefunga meno. Lakini neno lile halikungoja ruhusa yangu, Baba Zuhura. Limekaa mdomoni kwangu tangu yeye anatambaa.

"Marahaba," nikamwambia.

Alilia. Mimi sikulia. Nilisimama pale nikijua kwamba nimekwisha kumwitikia mtu aliyekuua, na kwamba hakuna baraza wala jaji wa kunifutia hilo, na nisingekubali wanifutie. Mama yako nitamwambia mwenyewe, kabla barua hii haijamfikia. Wewe nimeona nikwambie wa kwanza.

Lala salama kwa Mola wako. Mimi bado niko huku.

Mkeo,
Mama Zuhura