Fisi wa Mwanaidi Aliingia Uwanjani

Mwanaidi, mwenzangu,

Barua hii nimeianza na kuiacha tangu tulipokuzika, kila mara machozi yakiniharibia karatasi. Leo silii. Leo nina habari, na sitaki mtu mwingine aipate kabla yako. Fisi wako ameingia uwanjani Handeni mchana kweupe, na watu wamesimama kumshangilia! Lakini ngoja nianzie mwanzo. Wewe hukupenda mtu akurukishe hadithi.

Baada ya mazishi, maneno yalianza hata kabla ya hitima. Watu wa kijijini kwenu Kwedizinga hawakusema ni moyo. Moyo uliozaliwa nao mbovu, uliokunyima kukimbia na watoto wenzako, waliusahau siku ileile. Walisema ni fisi. "Mtoto wa kike anavaa ngozi ya fisi, anatembea kama fisi. Ulitegemea nini?"

Baba yako mdogo, Mzee Rajabu, alikuja nyumbani kwenu na kibiriti na kidumu cha mafuta ya taa. "Hilo lidude litolewe nje lichomwe," alisema, "watu tupate usingizi." Sikumchukia, Mwanaidi. Ndiye aliyekuwa akikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, pumzi zikikuishia njiani. Alitaka kitu cha kulaumu, na moyo haushikiki.

Nilitaka kumwambia kwamba kwenye vazi lako la fisi hamna ngozi. Ni makoti ya manyoya ya mitumba, yale yaliyokuwa yakinidodea kwenye meza yangu pale Korogwe, maana nani atavaa manyoya kwenye joto lile? Wewe ulikuja, ukayapapasa, ukasema, "Zuhura, usiyatupe. Humu kuna mnyama." Nilitaka kumweleza ulivyochonga mabega kwa sponji la godoro, pua ukaikata kwenye mpira wa tairi la baiskeli, madoa ukayapaka kwa mswaki mpaka vidole vikawa vyeusi.

Lakini mama yako ndiye aliyesema. Alikuwa mkekani na wanawake wenzake, hata hakuinuka. "Shemeji, mwanangu nimemfukia jana. Alichokishona kwa mikono yake hakitaguswa."

Mzee akaondoka na kidumu chake.

Unakumbuka Lutindi, kule milimani? Tulipanda kule kwa bodaboda, kwa sababu huku chini ungeiva ndani ya vazi. Ulikuwa umenionyesha kwenye simu watu wa nchi za mbali wanaojishonea miili ya wanyama, wanyama wa kweli kabisa kwa kuwatazama. Hawachezi ngoma, hawatangazi biashara. Wanavaa kwa sababu humo ndani wanajisikia ni wao. Nikakuuliza, katika wanyama wote, kwa nini fisi? Mbona hukuchagua chui? Ukanijibu, "Fisi hana mbio za kuwashangaza watu. Anakwenda tu. Anakwenda, hachoki. Nataka mwili wangu ulijue hilo."

Kisha ukavaa kichwa, ukashika njia. Mabega juu, kiuno chini, pua karibu na majani. Mimi niliyekushikia sindano usiku na mchana, mwili ulinisisimka. Yule mama aliyekuwa anashuka na kuni akatupa mzigo wote, akawa anatafuta pa kukimbilia. Ukavua kichwa haraka: "Shikamoo, mama! Ni mimi, ni mtu!" Alicheka mpaka akakaa chini. Nawe uso umelowa jasho, unahema, umejaa furaha ambayo sijawahi kuiona kwenye uso wa mtu.

Siku ileile ukanigeukia ukasema, "Na wewe utakuwa twiga."

Nilikasirika, ulijua kwa nini. Twiga ndilo jina nililopewa shuleni Magoma kwa urefu wangu, nikalisikia mpaka nikajifunza kutembea nimeinama. Hukuniomba radhi. "Wanakuita twiga, na wengi wao hawajawahi kumwona. Waonyeshe basi."

Tulianza shingo pamoja. Ukaondoka kabla haijapata kichwa. Nilikaa na shingo ile ukutani, kila nikiitazama nashindwa kuigusa. Ilipopita masika nikaiteremsha. Nikafunga mianzi, nikajaza sponji, kope nikazitengeneza kwa nywele za bandia. Nilikosea masikio, nikayafumua, nikayashona upya. Nilikuwa nakusikia: "Hilo sikio la mbuzi."

Ikaja fainali ya mpira huko Handeni. Nikamwendea mwandaaji, nikamwomba uwanja wakati wa mapumziko. Alidhani mimi ni mchekeshaji, akakubali. Nikaenda Kwedizinga kumpa mama yako taarifa, kwa heshima tu. Alinisikiliza huku anapepeta mahindi, kisha akauliza, "Na mwenzako?" Nikamjibu kwamba fisi hana wa kumvaa. Akaendelea kupepeta.

Siku ikafika. Kipindi cha kwanza kikaisha, nikaingia. Mtu mmoja akapiga kelele, "Twigaaa!" Neno lilelile, Mwanaidi! Likapokelewa na uwanja mzima. Maisha yangu yote neno lile lilikuwa linanikunja. Safari hii nilinyoosha mgongo, shingo ikapanda, ikapanda. Nikatembea kwa madaha kama mwenye pori.

Ghafla upande wa pili watu wakaanza kukimbia. Soda zikamwagika, viti vikapinduka. Katikati ya njia waliyoiacha akatokea fisi.

Ulikuwa mwendo wako. Mabega juu, kiuno chini. Akasimama, akanusa majani, akaendelea bila haraka. Kando ya goli walikuwapo wafugaji wameegemea fimbo zao; mzee mmoja wao akashika rungu, akamtazama, kisha akaangua kicheko: "Wallahi, aliyeshona mgongo ule anamjua fisi!"

Fisi akaja moja kwa moja mpaka niliposimama. Nikasikia sauti kutoka ndani, inahema: "Zuhura, humu kuna joto. Mwanangu alivumiliaje?"

Mama yako! Bi Mwajuma, ambaye haendi hata kisimani bila kanga mbili! Baadaye aliniambia amekuwa akijifunza nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, akikutazama kwenye zile video za simu yako. Akavua kichwa pale katikati ya uwanja, ushungi umemgandia kwa jasho. Watu wa Kwedizinga walikuwepo, walewale wenye maneno. Hakuwa na kipaza sauti, na hakukihitaji.

"Mimi ni mama yake Mwanaidi. Mnasema mwanangu ameuawa na fisi. Fisi ndiye huyu. Nimo ndani yake, na sijafa. Mwanangu ameondoka kwa moyo aliozaliwa nao. Humu ndimo alimokuwa mzima."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akadakia, na uwanja wote ukainuka. Sikuwahi kusikia goli likishangiliwa vile.

Baba yako mdogo akashuka kutoka kwenye watu. Nikamwona anakuja, nikajisogeza mbele kukikinga kile kichwa. Alikipokea mikononi mwa shemeji yake kwa adabu, akakifuta vumbi sikioni, akakiinua juu. Akazunguka nacho uwanja mzima huku machozi yanamtoka, anaita, "Kazi ya mwanangu! Kazi ya Mwanaidi!"

Tangu siku ile mambo yamegeuka. Cherehani yako ipo chumbani kwangu na haipoi. Binti wa wafugaji amekuja kuomba nimfundishe kushona punda, kwa sababu, anasema, punda anabeba kila kitu na hakuna anayemsifu. Mimi nikipita sokoni wananiita twiga, naitika.

Na mama yako amenipa kazi. Anasema fisi ni wako, yeye aliazima. Wake anamtaka nungunungu, yule aliyemlia mihogo miaka yote, "maana sijaona kiumbe kinachojiamini kama kile." Yupo hapa mlangoni sasa hivi anangoja nimpime, hatulii, anauliza kama miiba inaweza kusimama akikasirika.

Basi nakuaga, mwenzangu. Mungu akupe mapumziko mema. Nami nakuahidi: itasimama.

Zuhura wako