Kikombe Kwenye Msumari

S.L.P. 2063
14 Agosti 2019

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakufikia ukiwa mzima, na lile goti limepunguza ubishi kwenye ngazi. Mkaza mjomba hajambo? Na mapacha wenu, tangu wahame nyumbani wanakumbuka kuwapigia simu, au mpaka muugue kwanza? Sisi huku tu wazima. Mama anameza dawa zake za presha huku akizihesabu kwa sauti, ili asije mtu akamwuliza. Baba mwili wake uko sawa. Mengine yake nitakueleza huko mbele.

Kwanza ucheke kidogo. Tangu Mei nimeondolewa kwenye habari za mahakamani, nimewekwa dawati la masahihisho. Ni meza mbili nyuma ya mashine ya fotokopi, simu moja, na mkuu wangu tunayemwita Mzee Darubini, kwa sababu ya lenzi anayoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kazi yetu ni kupokea makosa ya gazeti zima. Wewe uliyenibatiza jina la Kiherehere ujue sasa nalipwa mshahara kwa kile nilichokuwa nikichapiwa.

Yanayotufikia huwezi kuyaamini. Wiki yangu ya kwanza tulikuwa tumechapisha picha ya harusi na jina la bwana harusi chini yake, kumbe aliye pichani ni dereva aliyemfungulia bibi harusi mlango. Bwana harusi mwenyewe alikuja ofisini na cheti cha ndoa mkononi. Dereva naye akapiga simu, yeye alitaka nakala tano.

Nilidhani kusahihisha ni kuandika "tunaomba radhi" halafu mtu anakwenda zake kula. Mzee Darubini hataki hata kulisikia neno hilo likiwa peke yake. Anataka tuseme tuliandika nini, ukweli ni upi, na tumeujuaje. Kwenye tovuti pia haturuhusiwi kufuta kitu chinichini.

"Ukifuta kimyakimya," aliniambia, "aliyesoma jana atarudi leo adhani macho yake ndiyo mabovu."

Kwa hiyo habari inabaki ilivyokuwa, na juu yake yanawekwa maelezo ya mhariri. Naipenda kazi hii kuliko nilivyotegemea.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka huu magazeti yetu yote ya zamani yameingizwa kwenye tovuti. Wakati huohuo idara ya maji inajenga mitambo mipya, na ukutani yatachongwa majina ya waendesha pampu waliotumikia miaka ishirini na zaidi. Jina la Baba lilikuwemo. Mwezi uliopita likaondolewa. Kuna mtu alilitafuta jina lake kwenye tovuti yetu akaikuta ile habari ya miaka ishirini na sita iliyopita, kwamba mji ulikunywa maji ya tope siku mbili kwa sababu mwendesha pampu wa zamu ya usiku, yaani Baba, aliondoka akaacha kituo hakina mtu.

Baba aliikunja barua ya idara mara nne, akaiweka chini ya redio. Tangu siku hiyo ameacha kwenda kucheza drafti, na unamjua, yeye alikuwa akienda hata akiwa na homa. Anashinda uani akimwagilia maua ambayo ameshayamwagilia. Inaniuma sana kumtazama, Mjomba.

Basi nikaanza kuchokonoa. Mwandishi wa habari ile alisema alionyeshwa daftari la zamu, na daftari lilikuwa na jina la Baba. Nikataka kujua daftari lenyewe lilikuwa likijazwaje. Nikamtafuta fundi mmoja mstaafu wa pale kituoni, naye akanicheka mbele ya wajukuu zake.

"Daftari? Daftari tulikuwa tunalijaza Jumamosi, wiki nzima kwa mpigo, kila mtu anakumbukakumbuka. Ukitaka kujua nani yuko zamu, unaangalia msumari."

Kumbe kila aliyeingia zamu alitundika kikombe chake cha bati kwenye msumari kando ya mlango, na akitoka anaondoka nacho. Watu wakibadilishana zamu vikombe ndivyo vinavyojua, daftari halina habari. Wewe uliyefanya kazi pale na Baba miaka minne unayajua haya kuliko mimi. Mimi ndiyo kwanza nayasikia, na sikufichi, niliyafurahia kama mtoto aliyeokota ufunguo.

Habari ile ina picha, iliyopigwa asubuhi ya siku ya kwanza ya tope, ukurasa wa tatu. Ni mlango wa chumba cha pampu, uko wazi, hakuna mtu. Kwenye tovuti utaona giza tupu. Nikaenda stoo kutafuta gazeti lenyewe la karatasi, nikaazima lenzi. Msumari unaonekana, na kikombe kinaning'inia. Ni cheupe, na mkono wake umefungwa waya.

Cha Baba kilikuwa cha kijani. Mama anapimia unga hadi leo. Hicho cheupe nacho nakijua. Nilikuwa na miaka sita, nilikuja kwenu, ukanipa maji ndani yake, ule waya ukanikwaruza kidole nawe ukanipuliza mpaka nikacheka. Nilikaa na lenzi pale stoo mpaka wakaja kunitafuta.

Kwa hiyo gazeti letu lilichapisha maneno na picha inayoyakataa, bega kwa bega, na miaka yote hii hakuna aliyeangalia.

Nilimpelekea Baba picha nikamwuliza kikombe kile ni cha nani. Aliishika muda mrefu, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kikombe ni kikombe tu," alisema. Halafu akaniuliza, "Mjomba wako hajambo huko?"

Mjomba, sijui kilichotokea usiku ule, na sitajifanya najua. Nimepiga hesabu, nimeona mapacha walikuwa na miezi miwili. Pengine mmoja alizidiwa ukatoka mbio. Pengine ulitoka kwa nusu saa tu na mtambo ukakusaliti. Pengine kikombe kilisahauliwa pale tangu juzi yake. Najiuliza pia kwa nini kila barua yako huanza kwa kuuliza afya ya Baba, halafu ndipo Mama, dada yako wa tumbo moja. Nakupenda vilevile jinsi nilivyokupenda. Ila nataka kujua.

Sahihisho limeshaandikwa. Si kwa mkono wangu, maana habari ikimgusa ndugu yako unakaa kando, kwa hiyo Mzee Darubini ameliandika mwenyewe. Limebaki pengo moja, la nani alikuwa zamu. Ukuta utaanza kuchongwa mwisho wa mwezi ujao. Nilimwambia picha inatosha, akanikatalia. Kwenye dawati letu hatumtaji mtu kwa kosa kabla hatujamwuliza, hata ushahidi uwe umejaa meza. Nikarudi kuisoma tena habari ya zamani, mistari arobaini na moja, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba Baba aliulizwa. Hapapo. Wewe nakuuliza.

Mama anakusalimu, anasema uache chumvi. Dada anakusalimu pia, na mwanawe amejifunza kuandika jina lako, ila herufi zimegeuka nyuma. Msalimie mkaza mjomba na mapacha. Mungu awalinde, na akujalie usingizi mzuri popote ulipo.

Baba hajui nimekuandikia nini, ameniona tu na karatasi. Alisimama mlangoni na kopo lake la kumwagilia akasema, "Msalimie sana. Usimsumbue." Yeye ndiye baba yangu, na ni mara ya kwanza sikumtii.

Wako akupendaye,
Kiherehere