Kwa Yeyo Aliyenitoa Kwenye Benchi la Wageni

Mpendwa Yeyo, mama yangu,

Takwenya. Najua binti yako Naserian akikusomea barua hii utaitikia "iko" kabla hajafika mstari wa pili. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaolalamika. Leo tumemwaga slabu ya ghorofa ya tatu tangu asubuhi, na vidole vyangu vinashika kalamu kana kwamba ni koleo. Uvumilie mwandiko. Shule niliiachia darasa la sita, hilo unalijua.

Tangu uhamie Illasit kwa binti yako, Kitengela ina vumbi lile lile, na kila Jumapili kuna mtu anayeniuliza mama yangu anarudi lini. Siku hizi hata simwambii kwamba wewe ni Mmaasai na mimi ni Mbukusu. Anaona mwenyewe.

Unakumbuka ulivyonipata? Parokia yetu ina desturi ya kusimamisha wageni wakati wa matangazo. Mgeni anasema jina lake na anakotoka, anapigiwa makofi, na baada ya Misa anaketishwa kwenye benchi chini ya hema, anapewa chai na mandazi. Jumapili yangu ya kwanza nilisimama nikasema naitwa Wafula, nimetoka Bungoma. Kanisa zima likapiga makofi. Yeyo, wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa amenitaja kwa jina. Mjengoni nilikuwa "wewe wa karai". Kwa hivyo Jumapili ya pili nikasimama tena. Na ya tatu. Ya nne, wewe ndiye uliyekuwa ukimimina chai. Ulinijazia kikombe, ukaniwekea mandazi mawili, kisha ukaniuliza polepole:

"Wafula wa Bungoma, utakuwa mgeni mpaka lini?"

Nilitamani kutoroka. Mama Otieno wa kwaya, aliyekuwa akigawa sahani, alicheka mpaka akaziweka chini. Wewe hukucheka. Uliketi kando yangu ukangoja jibu, na kwa sababu ulingoja, nikakuambia ukweli. Mgeni haulizwi mambo mengi. Mwanajumuiya siku moja lazima afungue mlango wake watu waje kusali, na mimi nilikuwa nalala kwenye stoo ya mabati pamoja na mifuko ya simiti. Tena mwanajumuiya ataulizwa mbona hakomuniki wenzake wakipokea Ekaristi, na itabidi aseme kwamba ameishi na Nekesa miaka kumi na mmoja, wakapata watoto watatu, bila ndoa ya kanisa. Nilidhani ukisikia hayo utaondoka na birika lako. Uliniuliza tu mjengo wetu uko upande gani.

Ulikuwa mwezi wa Rozari, wakati sanamu ya Mama Maria inapopelekwa nyumba kwa nyumba, ikilala kwa kila familia ya jumuiya. Jumamosi saa tisa tulikuwa tukikoroga zege niliposikia nyimbo barabarani. Watu kama ishirini, nawe mbele, shuka begani, sanamu umeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Msimamizi wetu wa kazi akauliza mnamtafuta nani. Ukamwambia mmekuja nyumbani kwa Wafula.

"Huyo hana nyumba hapa, mama."

"Analala wapi?"

"Kwa stoo."

"Basi tuonyeshe stoo."

Mimi nilikuwa nimeganda na koleo mkononi. Aliyechangamka ni Hassan, fundi wa mawe, Mwislamu wa Garissa. Alipangusa mifuko ya simiti, akapindua karai safi likawa meza, akasema mama wa watu hawekwi kwenye vumbi. Stoo ilikuwa ndogo, kwa hivyo tuliketi mlangoni pake juu ya mawe, kati ya kuta za mjengo. Mama Otieno akatazama juu, akaona ile nyumba haijaezekwa, akasema leo maombi yetu hayana kizuizi. Hata msimamizi alicheka. Zamu yangu ya kuomba ilipofika nikakutazama wewe, nawe ukaniombea. Ukamtaja Nekesa, jina nililokuwa nimekutajia mara moja tu. Ukaomba siku moja tukae naye chini ya paa moja, na ndoa yetu ibarikiwe. Usiku huo nililala nimejinyoosha kama askari, nikiogopa nisije nikampiga Mama Maria teke.

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa rahisi, isipokuwa kwenda kwa paroko kuzungumza habari za ndoa. Nilizungusha kofia mkononi mpaka ikanianguka. Wewe ukanitangulia mlangoni: "Padri, huyu ni mtoto wangu. Mwulize polepole." Na kweli aliniuliza polepole.

Sasa sikiliza habari. Nekesa na watoto wamekuja. Tumepanga chumba kimoja, watoto wanalala chini na wanacheka usiku kucha. Siku ya kwanza Nekesa alikataa kutoka nje, akisema hapa hatujui mtu. Kabla sijamjibu, Mama Otieno alikuwa amebisha na sufuria ya githeri, akitaka kujua huyu Nekesa tuliyemwombea anafanana vipi. Tumemaliza mafundisho. Majina yetu yametangazwa kanisani Jumapili tatu na hakuna mtu aliyepinga. Tutabarikiwa pamoja na jozi nyingine tano, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Siku hiyo nitakomunika, Yeyo. Nikifikiria hilo hata karai linakuwa jepesi.

Limebaki jambo moja. Kila bibi arusi anatakiwa awe na mwanamke wa kumsimamia. Nilimtajia Nekesa akina mama wanne wazuri, wote akawakataa. Anamtaka yule aliyemwombea kabla hajamwona.

Najua magoti yako, na najua kutoka Illasit ni mbali. Lakini wacha nikuambie nilichofanya. Jana katekista alikuwa akiandika majina ya wasimamizi, nikampa lako. Akaniuliza kama umekubali. Nikamwambia ndiyo. Aliandika kwa wino, Yeyo, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya altare. Njoo, usiniache na dhambi mpya wiki ya arusi.

Wote hapa wanakusalimu, na Nekesa zaidi.

Mwanao wa Bungoma,
Wafula