Masale Yaliyoziba Mlima

Jumatatu, 7 Julai
Tumepanda tena Kibosho, mimi nyuma ya lori na jenereta. Wiki ya pili sasa. Taa, nyaya, reli za kamera, vyote mgongoni kwangu. Ukitoka Kasulu kule Kigoma kutafuta maisha, huchagui mzigo.

Filamu ni ya maisha ya Madamu Violeti, mzaliwa wa huku, sasa mkurugenzi wa kampuni ya filamu Dar. Anakaa kwenye kiti uani kwa Mzee Ndesario, jirani yao wa utotoni, anasimulia. Alianza kwa kuazimisha kanda za video mtaa wa Majengo, akizibeba kwenye kapu. Wanaume walimcheka. Leo ana ofisi, anaitwa kwenye kamati, anawatetea waigizaji wasidhulumiwe. Nilimsikiliza nikasahau njaa. Picha za kampuni yake tulikuwa tunaziangalia kwenye banda la video kwetu Kasulu.

Jumanne, 8 Julai
Asubuhi mlima ulikuwa wazi. Madamu akaniita.
"Wewe Kigoma, hayo majani yananizibia mlima. Kata."
Nikauliza ni ya nani.
"Ya nyumbani. Kata, mawingu hayanisubiri."
Nikakata mashina manne kwa panga. Kilele kikaonekana nyuma ya kichwa chake. Wakapiga makofi.

Jumatano, 9 Julai
Balaa.

Yale majani ni masale. Sikujua. Kwetu mpaka ni jiwe au minyaa. Huku sale ndilo mpaka, na halikatwi. Haya aliyapanda baba wa Mzee Ndesario, kuwatenganisha mzee na mdogo wake Aloisi, maana walikuwa wanagombana. Leo Aloisi amekuja na panga, anasema kaka yake ameanza kumlia shamba.

Wakauliza nani kakata. Nikamtazama Madamu, nikingoja aseme.

Akasema, "Mimi mtoto wa Kibosho nikate sale? Nina wazimu?"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi. Mama mmoja akasema, "Ni huyu chasaka. Wa kuja hawajui kitu." Chasaka ndivyo wanavyotuita tusio wa huku. Nikasema niliagizwa. Nani amsikilize mbeba taa? Wamesema nisikanyage tena kijijini mpaka wazee waamue. Sijawahi kuitwa mharibifu maishani. Nina miaka arobaini na minne.

Alhamisi, 10 Julai
Nimebaki chumbani kwangu Pasua, huku chini mjini. Jioni nikamfuata Sele, mshika sauti. Madamu alikuwa amevaa kinasa sauti cha Sele wakati ananiagiza. Lazima sauti yake imo.

Sele akakiri imo. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, yule mama ndiye kanitoa mtaani. Mimi sijasikia kitu."

Nimemtukana. Sijutii.

Ijumaa, 11 Julai
Hasira. Sikula.

Jumamosi, 12 Julai
Wazee wameniita. Madamu kaja na jani la sale limefungwa fundo, ndivyo wanavyoomba msamaha huku. Ukiletewa sale huwezi kukataa. Akapiga goti mbele ya wale ndugu wawili. Akasema ameleta sale kwa niaba ya kibarua wake, asiyejua mila. Akasema sanaa bila utamaduni ni mwili bila roho. Kina mama wakalia. Kamera ilikuwa inachukua! Mwongozaji akanong'ona kwamba hiyo ndiyo picha bora ya filamu nzima.

Kaniombea msamaha kwa kosa lake mwenyewe. Nimesimama pale nimeshika stendi ya taa, namulika uongo. Yote aliyowafanyia waigizaji ni kweli, naamini. Lakini mimi sikuwa mwigizaji.

Baadaye Mzee Ndesario akaenda akakaa kwenye kiti cha Madamu. Akatazama mlima. Akageuka akatazama yale mashina manne. Ni pale tu kiti kilipoelekea palipokatwa, kwingine hakukuguswa. Akainuka, akaingia ndani.

Jumapili, 13 Julai
Madamu na watu wake wamerudi Dar. Nilikataa kupakia mizigo. Mchana Mzee Ndesario akanitumia ujumbe: nipande kesho, nije mikono mitupu.

Jumatatu, 14 Julai
Nilikwenda nikijua nakwenda kufukuzwa. Watu walikuwa wengi mpakani, na yule mama aliyeniita chasaka. Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia, akanipa mashina manne ya sale.

"Shika wewe. Sisi tutafukia."

Aloisi akanung'unika, "Kaka, huyu?"

"Sale la mpaka hushikwa na mtu asiye na doa. Na mimi nimekaa kwenye kile kiti, nimeona yalikatwa kwa ajili ya nani."

Aloisi akachuchumaa upande wake wa mpaka. Hakuna aliyetaja jina la Madamu, ni binti yao.

Nikashika shina moja baada ya lingine, wima, na wale ndugu wakafukia kwa mikono, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Manyunyu yakaanza. Yule mama akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe.